Kiberenge cha Saa Tano Kasorobo

Siku ya kwanza chuoni walimpa kofia ngumu ya njano, koti la kung'aa, madaftari matatu na kitanda cha juu. Kitanda cha juu, jamani! Mwanamke wa miaka arobaini na moja, magoti yameshaanza kulalamika, apandishwe ngazi kila siku kama anakwenda kuezeka nyumba? Akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akawatazama wasichana watatu waliomtangulia. "Wanangu," akasema, "nani kati yenu anataka radhi ya mama leo?" Wakaangua kicheko, na mmoja akavuta godoro lake kulipeleka juu. Ndivyo Bendera alivyoanza masomo ya usimamizi wa usalama wa reli, miezi tisa, chakula na malazi juu ya shirika.

Jina la Bendera alilipata kazini. Miaka kumi na sita alikuwa mlinzi wa geti pale reli inapokatiza barabara. Treni ikikaribia anateremsha geti, anasimama kando na bendera ya kijani, na akiona mambo si mambo ananyanyua nyekundu. Waendesha baiskeli walimjua, wasukuma mikokoteni walimjua, na wenye haraka walimjua kuliko wote, maana ulimi wake haukuwa na geti. "Unakimbilia wapi, baba? Kaburi halifungwi mapema!" Mtu mzima na suti yake anarudisha gari nyuma bila kubisha. Kisha shirika likatangaza kwamba mageti yote yatajifunga yenyewe kwa umeme, na walinzi watakaotaka wajaze fomu za kusomea usimamizi wa usalama. Wengi waliikataa ile fomu, wakasema shule ni ya watoto. Bendera aliijaza siku hiyo hiyo, kwa kalamu aliyoazima.

Mumewe, fundi cherehani, alimwuliza kinachomkimbiza. "Nataka kupanda cheo," akajibu. Haikuwa uongo. Lakini ilikuwa nusu ya jibu, na nusu nyingine hakumwambia mtu, kwa sababu angechekwa. Alitaka kumsikia baba yake akicheka tena.

Ngoja nieleze hapo, maana ndipo habari yenyewe ilipo. Baba yake Bendera alikuwa mtu wa ishara, yule anayekaa kwenye kibanda cha stesheni na kuamua treni ipite au isubiri. Reli yao ilikuwa ya njia moja: chombo kikitoka stesheni hii, kingine hakitoki hapo wala stesheni ile mpaka cha kwanza kifike. Kwa hiyo watu wawili wa ishara, mmoja huku na mmoja kule, walikuwa wakiongea kwa simu ya waya kutwa nzima. "Kimetoka." "Kimefika." Na kati ya kimetoka na kimefika, hapo ndipo maneno mengine yote yalipokuwa yakipita. Yule wa stesheni ya pili, Baba alimwita Shemeji. Hakukuwa na undugu wowote. Kila mmoja alidai ameoa dada wa mwenzake, na utani huo haukuchuja miaka kumi na minne. "Shemeji, dada yangu umempa chakula leo?" "Dada yako anakula kama gengi zima la mafundi wa reli, nitampeleka wapi mimi?" Bendera, mtoto wa shule ya msingi, alikuwa akikaa chini ya meza ya kibandani na kusikiliza Baba akicheka hadi anajishika mbavu, mkonga wa simu umebanwa begani. Ana kwa ana wale wawili walikutana mara tano, labda sita. Urafiki wao wote ulikuwa sauti.

Halafu ikaja ile siku. Kiberenge cha mafundi wa njia, yale magari madogo ya wazi yanayobeba watu na nyundo zao, kilitoka stesheni ya Shemeji kuja kwa Baba. Kabla hakijafika, treni ya mizigo ikaachiliwa nyuma yake, kwenye njia ile ile. Mafundi waliiona ikiwajia, wakaruka. Wote waliruka wakapona isipokuwa mmoja aliyechelewa, na huyo alipoteza mguu. Uchunguzi ukafanyika, Shemeji akamwaga unga, na Baba akahamishiwa stoo kuhesabu taa na misumari mpaka alipostaafu. Nyumbani palisemwa kwamba Shemeji aliachia treni bila kuuliza. Baba mwenyewe hakusema hivyo wala vinginevyo. Alikuja kimya, akakaa kimya, na miaka ishirini na tisa sasa Bendera hajamsikia akicheka kile kicheko. Anatabasamu, ndiyo. Anasalimia wajukuu, anawatania kidogo. Lakini kile cha kujishika mbavu, hapana. Na mtoto aliyekisikia akiwa chini ya meza alikuwa na hamu nacho hata alipokuwa mama mtu mzima, hamu ya kumuuma kifuani akiwa anapika au anakunja nguo, bila hata kuitwa.

Alijua, kwa kusikia kwa wakaguzi waliopita getini kwake, kwamba mafaili ya ajali za zamani yanatunzwa chuoni na wanafunzi huyatumia kwa mazoezi. Akajiambia, faili lile likionyesha kwamba Baba alionewa kuhamishwa, nitampelekea karatasi mkononi, na moyo wake utafunguka. Hilo ndilo lililompandisha treni.

Miezi ya mwanzo alisota. Kompyuta ilimtoa jasho. Alikuwa akiigusa kwa kidole kimoja, kama anayeonja uji wa moto. Lakini vitu vingine alivijua kwa damu. Walipopelekwa njiani kufanya mazoezi ya kutambua hatari, wenzake walikuwa wakifungua vitabu wakati yeye ameshainama, ameshagusa msumari uliolegea. "Huu hapa," anasema, "na mwenzake yule pale. Haya, andikeni." Mwenzake wa karibu darasani alikuwa jitu moja la miraba minne lililofanya kazi ya kuunganisha mabehewa, walimwita Breki kwa sababu akianza kula hazimshiki. Breki alimfundisha kompyuta, yeye akamfundisha kuandika sentensi isiyozidi mistari miwili.

Mkufunzi wao mkuu alikuwa mzee mfupi, mchunguzi wa ajali wa zamani, mwenye neno moja tu: kwa nini. Ukisimama ukasema dereva alizembea, anakuuliza kwa nini. Ukasema alikuwa amelala, kwa nini. Hana usingizi wa kutosha, kwa nini. Hakuachi mpaka ufike mahali ambapo hakuna mtu wa kumlaumu, kuna utaratibu mbovu umekaa pale umetulia. "Hapa hatutafuti mtu," alikuwa akisema, chaki ikimwagikia kwenye tai. "Mtu ukimfukuza anaondoka. Sababu haiondoki, inamngoja atakayekuja." Bendera aliyapenda maneno hayo. Aliyaandika kwenye jalada la daftari.

Nyuma ya bweni reli ilipita karibu kabisa, na treni ya mizigo ya alasiri ilikuwa ikitikisa vikombe. Kila ilipopita, mkono wa kulia wa Bendera ulinyanyuka wenyewe, mtupu, hauna bendera. Hapo ndipo upweke ulipomkamata. Alikumbuka kibanda chake cha geti, birika lililoungua chini, sauti ya cherehani ya mumewe. Jumapili alipiga simu nyumbani. "Mzee hajambo?" "Hajambo, mama watoto. Yupo kibarazani, anatazama njia." "Anatazama nini?" "Njia tu." Akishakata simu alikaa pembeni ya kitanda, ameshika tama, mpaka wale wasichana wamwite kwenda kula.

Mwezi wa mwisho kazi kubwa ikaja. Kila mwanafunzi achague faili moja la zamani, alichunguze upya, aandike ripoti na kuisoma mbele ya darasa. Ripoti hiyo ndiyo ya kufaulu au kufeli. Mafaili yalipangwa juu ya meza ndefu. Bendera alijifanya anachagua hovyo hovyo, huku macho yanasoma tarehe, mpaka akaliona lenye tarehe ya ile siku. Akalichukua, akalikumbatia kifuani, akaenda kukaa kona ya maktaba.

Majina yote yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Palibaki Mtu wa Ishara A na Mtu wa Ishara B. Haikusaidia kitu, mwandiko wa baba yako utaufichaje? Ile k yenye mkia mrefu aliyojifunzia kusoma! Baba, yaani A, ameandika: "Sikumwambia B kwamba kiberenge kimefika. Aliachia treni bila kuniuliza." Na B ameandika kwa mwandiko mkubwa, wa kulala: "Niliachia treni bila kuuliza. Nilikuwa nimechoka. A hakuniambia lolote, asiadhibiwe." Bendera akasoma mara mbili, akafumba macho, akashusha pumzi ya miaka ishirini na tisa. Baba ni safi! Mwenyewe mkosaji amesema. Alitaka kupiga kigelegele humo humo maktabani.

Kisha akafunua ukurasa wa tatu. Ilikuwa nakala ya kitabu cha mwendo wa treni cha stesheni ya Baba. Mstari mmoja ulikuwa umekatwa kwa kalamu, lakini unasomeka: kiberenge, kimefika, saa tano kasorobo. Pembeni mchunguzi wa wakati ule aliandika: "Mstari uliokosewa, ukafutwa. Kosa dogo la uandishi." Na kiberenge kilikuwa kimegongwa njiani, mbali na stesheni, saa tano kasoro dakika nane.

Mwingine yeyote angepita hapo bila kusimama. Wakaguzi walipita, wanafunzi wa madarasa ya miaka tisa walipita. Bendera alisimama, maana yeye alikuwa na siri ya watu wanaokaa na madaftari. Inaitwa kuandika mbele. Getini kwake pia palikuwa na daftari la kuandika saa ya kila treni, na treni ikipita huwezi kushika geti, bendera na kalamu kwa mikono miwili. Basi chombo ambacho hakijawahi kuchelewa unakiandika kabisa kabla hakijafika. Ya saa tatu inakuja saa tatu. Andika, mikono ibaki huru. Haimo kwenye kanuni yoyote, mkaguzi haambiwi, na kila mwenye daftari anafanya. Na nani aliyemfundisha? Baba mwenyewe, enzi zile za kibandani kabla ya ajali, alipokuwa akimwonyesha kitabu chake. Kiberenge cha saa tano kasorobo kilikuwa hakijawahi kukosa miaka kumi na minne. Baba alikiandika. Shemeji akapiga simu akauliza, Baba akatazama kitabu, kitabu kikamwambia kimefika, na mdomo ukafuata kitabu. Shemeji akaachia treni.

Kwa hiyo Shemeji aliuliza, akajibiwa, kisha akaandika kwamba hakuuliza. Na Baba akamwacha.

Wiki mbili Bendera hakula vizuri. Breki alimwona anasukuma wali huku na kule kwenye sahani. "Dada, hiyo sahani imekukosea nini?" Akaendelea kuusukuma. Alikuwa akijipa moyo: nani amenituma kufukua? Faili lenyewe linasema baba yangu ni safi, karatasi ninayo, cheti nitakipata, ya nini kujitia kidole jichoni? Akaandika kurasa nne kama faili lilivyosema. Uchovu wa B, saa ndefu za kazi, upungufu wa watu. Sentensi zilinyooka. Breki alizisoma akasema sasa mwanafunzi amempita mwalimu.

Siku ya kusoma ilikuwa Jumatano, asubuhi, madirisha wazi. Bendera alisoma vizuri, sauti yake ile ya getini. Alipomaliza, mkufunzi akajiegemeza ubaoni. "Vizuri. Kwa nini B hakuuliza?"

"Kwa sababu alikuwa amechoka, Mwalimu."

"Jana yake hakuchoka?"

"Alichoka."

"Jana yake aliuliza?"

"Aliuliza."

"Miaka kumi na minne anauliza amechoka. Kwa nini siku ile tu asiulize?"

Kwingine kote darasani watu walikuwa wakichezea kalamu, hawana habari. Angeweza kusema hajui. Wengi walisema hawajui na wakafaulu. Lakini alimfikiria yule mtu wa sauti, aliyebeba mzigo usio wake mpaka nyumbani kwake, na akaona aibu ya zile kurasa nne.

"Aliuliza," akasema. "Aliuliza na akajibiwa. A alimwambia kimefika."

"Umejuaje?"

"Ukurasa wa tatu. Ule mstari uliokatwa si kosa la uandishi. A ameandika mbele."

Mkufunzi akamwuliza kuandika mbele ni nini. Mzee mzima, mchunguzi wa miaka thelathini, hakuwahi kulisikia neno hilo, maana nani angemwambia? Bendera akaeleza, polepole, bila kumumunya maneno. "Na mimi nimefanya hivyo miaka kumi na sita," akamalizia. "Kila siku. Sikugonga mtu kwa bahati tu." Kisha Breki, kule nyuma, akasimama na ukubwa wake wote. "Sisi yadini, kule tunakounganisha mabehewa, tunatia sahihi kwamba breki zimekaguliwa kabla hatujazigusa," akasema. "Siku ya mvua hatuzigusi kabisa." Mwingine akasema lake, na mwingine, mpaka chaki ikamtoka mkufunzi mkononi.

Alimbakiza Bendera wenzake walipotoka. "A unamjua?"

"Ni baba yangu."

Mkufunzi akakaa kwenye dawati la mwanafunzi. "Ulipaswa kunirudishia faili, mama. Mtu hachunguzi ajali ya nyumbani kwake."

"Ningekurudishia, ungeendelea kufundisha kwamba ni kosa dogo la uandishi."

Mkufunzi akapangusa chaki kwenye tai. "Miaka tisa nimelifundisha," akasema. "Haya. Andika upya, wiki moja. Ukiandika ulivyosema leo, umefaulu. Na B akiwa hai atapelekewa barua ya kusahihisha, ni haki yake. Barua itatoka baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo nenda nyumbani."

Akaandika upya. Alipendekeza kanuni moja: hakuna kuandika kimefika mpaka mkia wa chombo uonekane kwa macho, na mwenye daftari asiwe na kazi nyingine mikononi kwa dakika hizo. Akafaulu, akapewa barua ya kuanza kazi kama msaidizi wa msimamizi wa usalama wa wilaya yao. Breki alimnyanyua juu mbele ya watu, akapiga kelele ateremshwe. Lakini ndani ya treni ya kurudi nyumbani ile furaha haikupata pa kukaa. Alikuwa ametoka kwao kwenda kutafuta kicheko cha baba yake, na sasa amembebea nini kwenye mkoba? Angalau zamani Baba alikuwa na kimya chake. Leo bintiye anakwenda kumnyang'anya hata hicho.

Alimkuta kibarazani anachambua maharage kwenye sinia. Wakasalimiana, wakaulizana habari za afya, za mvua, za wajukuu. Mumewe alimtazama usoni mara moja tu, akasema anakwenda kutafuta uzi.

"Baba," Bendera akasema, "nimesoma faili."

Vidole vya mzee vikaendelea na maharage. "Lipi?"

"La kiberenge."

"Wameandika nini?"

"Wameandika wewe ni safi." Akavuta kigoda karibu na sinia. "Mimi nimeandika saa tano kasorobo."

Vidole vikasimama. Bendera alijitayarisha kwa hasira, kwa laana hata. Mzee hakukasirika. Alisogeza sinia pembeni taratibu, machozi yakamshuka bila sauti, na akayaacha.

"Alijuaje utaandika vile?" Bendera akauliza. "Mlikubaliana?"

"Hatukukubaliana lolote. Waliniweka chumba changu, yeye chake. Niliogopa, mama. Nilikuwa na watoto wanne na umri kama huu wako. Nikaandika kwamba sikumwambia, nikajua naye ataandika kwamba nilimwambia, na watapima wenyewe. Jioni mchunguzi akaja akaniambia mwenzako amekiri. Amekiri nini? Nikamwuliza. Akanisomea." Akapangusa uso kwa kiganja. "Yeye hakuwa na mtoto hata mmoja. Nadhani alipiga hesabu hiyo kwa ajili yangu."

"Na hukumtafuta?"

"Kila dereva aliyepita stoo nilimwuliza. Najua alipohamia, najua alipooa tena, najua anauza madaftari ya shule nyuma ya soko, stesheni ya mwisho. Yote najua." Akatazama njia. "Nimemkumbuka yule mtu, mwanangu. Nimemkumbuka kuliko ninavyoweza kukwambia. Asubuhi nikiamka nina neno la kumwambia, sina wa kumwambia."

"Chuo kitamwandikia barua ya kusahihisha, inatoka Ijumaa ijayo," akasema Bendera. "Utaitangulia au itakutangulia?"

Walisafiri siku ya pili yake. Mzee alivaa shati la kola lililopigwa pasi na mkwewe, fundi cherehani mwenyewe, na njia nzima alikuwa akifungua kifungo cha juu na kukifunga. Pale stesheni ya mwisho waliuliza mara mbili tu. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, rafu za madaftari hadi darini, na mzee mrefu mwenye miwani ameketi nyuma ya kaunta akifunga rula kwa mpira, kumi kumi.

"Karibuni. Niwasaidie nini?"

Alimtazama Bendera, akamtazama Baba, na uso wake ukabaki ule ule wa kumkaribisha mteja. Hakumjua. Angemjuaje? Mara tano, labda sita, na ni zamani. Bendera alifungua mdomo amsemee baba yake, kisha akaufunga. Hii haikuwa kazi yake.

Baba akashika ukingo wa kaunta. "Siku ile nilikwambia kimefika," akasema. "Kilikuwa hakijafika. Halafu nikaandika kwamba sikukwambia."

Rula zikabaki mkononi. Yule mzee akainamisha kichwa upande, macho chini, anasikiliza. "Sema tena," akasema.

"Nilikwambia kimefika. Uliponiuliza. Nilikuwa nimeandika mbele."

"Sauti imezeeka," akasema polepole. "Lakini ni yenyewe." Akavua miwani, akaiweka juu ya madaftari. "Umepanda treni kuja kuniambia hilo? Hilo nalijua. Nilikuwepo kwenye simu, si nilikuwepo? Nilijua unaandika mbele tangu mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa naandika mbele. Ingeweza kuwa mimi."

"Nilikupotezea kazi."

"Kazi nilipata nyingine. Yule fundi wa watu ndiye hatukumrudishia mguu, wewe na mimi, na hilo tutalijibu wote wawili." Sasa hasira ilimpanda, ya kweli, shingo ikamvimba. "Lakini kunipigia, je? Nani alikukataza kunipigia? Nimehama nyumba mara tatu mimi. Kila nikihama nakwenda posta kupigania namba ile ile ya simu ya nyumbani niliyokupa zamani, nabishana na makarani, mke wangu ananicheka, ananiuliza ni nani huyo anayekupigia? Namwambia yupo mtu, atapiga. Mpaka siku walipokuja kung'oa waya ukutani nilikuwa namwambia yupo mtu."

Baba alisimama pale akifungua kifungo cha kola na kukifunga, na Bendera akaona haya kumtazama, akageukia barabarani.

"Namba niliijua," akasema Baba nyuma yake. "Sikuwahi kuisahau." Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, kama mtu anayezungusha simu: "Mbili. Nane. Nne. Sifuri. Saba."

"Ndiyo hiyo," akasema yule mwingine, analia. "Ndiyo hiyo hiyo."